Ganzi ya miguu si damu kutotembea

Mhariri,

Wengi wakishikwa na ganzi miguuni husema damu haitembei, wakaanza kuikanda kwa maji ya moto. Tafadhali nipe nafasi nieleze kwa nini ni hatari.

Mara nyingi kinachougua ni neva (mishipa ya fahamu) za pembezoni, yaani zilizo nje ya ubongo na uti wa mgongo. Ndani ya neva mna nyuzi nyingi: za kupeleka amri kwenye misuli, za kuleta habari za mguso, joto na maumivu, na zile zinazoendesha jasho, moyo na tumbo bila sisi kuamua.

Uzi unaofika kidole gumba cha mguu una urefu unaokaribia mita 1, ilhali kiini cha seli yake kimekaa karibu na uti wa mgongo. Karibu protini zote hutengenezwa huko, kisha husafirishwa hadi chini. Sukari ikikaa juu kwa miaka, ncha hiyo ya mbali huharibika kwanza. Ndiyo maana ganzi ya kisukari huanzia vidoleni, miguu yote miwili, ikapanda taratibu; ikikaribia magoti, vidole vya mikono navyo huanza. Mguu wa namna hii huungua kwenye beseni mwenyewe asijue.

Linalonisikitisha zaidi ni watu kujinunulia vidonge vya “vitamini za neva” na kuvimeza miezi kwa miezi. Upungufu wa vitamini B12 huleta ganzi kweli, hasa kwa waliotumia metformini, dawa ya kisukari, kwa miaka mingi, lakini hupimwa kwenye damu. B6 nayo ikizidi kwa muda mrefu huharibu neva hizo hizo! (Aliyeandikiwa B6 pamoja na isoniazidi ya kifua kikuu asiiache.)

Mwenye kisukari aombe kupimwa miguu angalau mara moja kwa mwaka. Kipimo ni uzi wa nailoni unaopinda kwa uzito wa gramu 10: unagusishwa kwenye wayo, naye amefumba macho, aseme kama amehisi. Asiyehisi akague nyayo kila siku, na asitembee pekupeku.

Udhaifu unaopanda kutoka miguuni kwa saa au siku chache ni jambo jingine kabisa. Waweza kufikia misuli ya kupumua, kwa hiyo mgonjwa apelekwe hospitali mara moja.

Daktari wa neva