Magengi ya reli yarudi kabla ya mvua

Mhariri,

Naomba nafasi niisemee reli ya zamani, ile ya upana wa mita moja iliyofika Kigoma mwaka 1914. Tangu treni ya umeme ianze kwenda Dodoma mwaka 2024, mazungumzo yote yamehamia huko, na kwa kweli ni jambo la kujivunia. Ila mzigo wa Kigoma na Mwanza bado unaitegemea reli hii kongwe, na kati ya Kilosa na Gulwe inapita bega kwa bega na Mto Mkondoa.

Mwishoni mwa 2009 na mwanzoni mwa 2010 mto huo ulizoa tuta, reli zikabaki zinaning'inia na mataruma yake, yaani vile vipande vya kukingama vinavyolaliwa na reli, na safari za abiria kutoka Dar es Salaam zikasimama kwa miezi. Baadaye ukafanyika ukarabati mkubwa wa kilomita 970 hadi Isaka. Umesaidia sana. Lakini ukarabati mkubwa hauzibui karavati lililoziba mwezi uliopita.

Ubovu huanzia hapo. Karavati likijaa mchanga, maji hutuama kando ya tuta na tope huingia kwenye kokoto. Kazi ya kokoto ni kulishika taruma lisicheze na kuyapitisha maji haraka. Zikishajaa tope, haziwezi tena lolote kati ya hayo. Tembea kando ya njia baada ya mvua utaona: treni ikipita taruma linadidimia, linainuka, na tope jepesi linaruka juu ya kokoto. Mataruma ya chuma yana uwazi chini, kama hori lililofudikizwa, na uwazi huo usiposhindiliwa kokoto sawasawa, upande mmoja wa reli huzama kuliko mwingine. Hapo dereva hulazimika kwenda mwendo wa kinyonga, na asipopewa taarifa, behewa linaweza kuacha njia.

Dawa yake inajulikana na haihitaji mkopo wa nje. Ni gengi: mnyapara na watu wake, jeki, mitaimbo na sururu. Wanainua reli, wanatoa kokoto chafu, wanashindilia safi pande zote mbili za taruma, wanapima upana wa njia, wanakaza boliti. Kiberenge, kigari kidogo cha reli, kinafaa kwa ukaguzi wa haraka, lakini nyufa za chini ya daraja huzioni mpaka ushuke ukainame.

Ombi langu kwa Shirika la Reli na Wizara ni hili: kila kipande cha Kilosa hadi Gulwe kiwe na gengi la kudumu, vijana wa vijiji vya jirani wafundishwe na kuajiriwa humo, na fedha za kuzibua makaravati na mitaro zitolewe ili kazi imalizike kabla ya Novemba. Na fedha hizo zisiguswe kwa matumizi mengine, hata mwaka ambao mvua zinatabiriwa kuwa chache.

Msomaji wako,
Kilosa, Morogoro