Shisha ya chumbani nayo ni tumbaku

Mhariri,

Mie kazi yangu ni kupaka maharusi hina na singo, ile dawa ya kusugua mwili, hapa Kibokoni, mwaka wa 14 huu, kwa hivyo ngozi za wanawake nazijua kushinda dokta, samahanini madokta. Juzi nimeitwa kwa bibi harusi wa miaka 26, nikamsugua siku tatu, liwa, waridi, kila kitu, mwili ukang'ara lakini uso ukakataa kabisa, umefifia kama leso iliyosahauliwa juani, na juu ya mdomo vikunjo vishaanza, vile vya kufyonza mrija. Mamake alipotoka nikamuuliza pole pole. Akacheka, "Mie sivuti sigara bi mkubwa, ni shisha tu, ya tofaa."

Shisha tu! WHO, lile shirika la afya duniani, walisema tangu 2005 kikao kimoja mtu aweza kuvuta moshi kama wa sigara 100 au zaidi, na yale maji hayasafishi sumu, halafu kuna na moshi wa makaa. Nikotini yabana mishipa midogo damu haifiki vizuri kwa ngozi, na ile kolajeni inayoishika ngozi inakatika, sasa singo ifanye nini hapo?

Na uso ni afadhali, waonekana. Mvutaji hedhi humkoma mapema, mwaka mmoja hata miwili, mifupa yalegea, akishika mimba mtoto aweza kuzaliwa na kilo chache ama mimba itunge nje ya kizazi. Lakini linaloniudhi ni hili la vidonge vya kupanga uzazi, vile vya homoni mbili, mwanamke akipita miaka 35 na avuta, hatari ya stroku na moyo yapanda sana. Mie nilipewa vyangu dirishani nina miaka 37, hakuna aliyeniuliza kama navuta, na nilikuwa navuta, fegi mbili tatu chooni nikitoka kazini, namaliza natafuna karafuu. Nani atamshuku mwanamke wa buibui?

Shisha ilipigwa marufuku hapa Kenya Desemba 2017, kwa kina dada wetu ilihamia tu vyumbani, pazia chini udi juu.

Sasa na nyie gazetini, kila mkiandika habari ya sigara picha ni mzee na kipisi chake barazani. Siku moja wekeni mkono wenye hina umeshika mrija.

Mpaka singo,
Kibokoni, Mombasa