Barua kutoka SeaTac: kwa nini niliihama Dallas

SeaTac, Washington
Novemba 2025

Mama mpendwa,

Shikamoo. Assalaam aleikum wewe na wote walio hapo nyumbani Lamu. Mimi ni mzima, alhamdulillahi, wasiwasi wangu ni goti lako na zile dawa mpya kama zinakufaa. Fedha za mwezi huu nimezituma kwa mdogo wangu kama kawaida. Barua hii naye akusomee yote, asiruke hata mstari, maana sehemu kubwa inamhusu yeye na dada.

Umeniuliza mara nyingi kwa nini niliihama Dallas, penye watu wetu, msikiti karibu na harusi zisizokwisha, nikaja huku kwenye mvua ambako hakuna anayenijua. Ami naye amesema Marekani ni Marekani na dola ni dola, kuhamahama kunaondoa baraka. Kwenye simu sauti hukatika nikiwa bado sijafika kwenye jambo lenyewe, kwa hiyo nimeona niandike.

Marekani haina mshahara wa chini mmoja. Ipo sheria ya nchi nzima ya mwaka 1938, iliyoanza na senti 25 kwa saa. Leo sheria hiyo inataka mtu asilipwe chini ya dola 7.25 kwa saa, na kiwango hicho kilianza kutumika Julai 2009. Fikiri, Mama, paketi ya unga ilikuwa bei gani 2009, na leo ni bei gani. Huku pia vitu vimepanda hivyo hivyo, lakini ile 7.25 haijaongezwa hata senti moja, kwa sababu haipandi mpaka Bunge lao kuu lipitishe sheria, na kila mara wanaotaka ipande wanashindwa.

Juu ya sheria hiyo, kila jimbo linaweza kuweka kiwango chake kikubwa zaidi, na ndani ya jimbo mji nao unaweza kuweka chake, ikiwa jimbo limeuruhusu. Mfanyakazi hulipwa kwa kile kilicho kikubwa. Basi hapo ndipo nchi moja inapogawanyika. Texas imebaki na 7.25, na imeikataza miji yake kuwawekea waajiri binafsi kiwango cha juu zaidi. Majimbo matano ya kusini, Alabama, Louisiana, Mississippi, South Carolina na Tennessee, hayana sheria yao kabisa ya mshahara wa chini, yanategemea hiyo ya nchi. Mji wa Birmingham kule Alabama uliamua kuwalipa watu wake 10.10, na mwaka 2016 bunge la jimbo likakimbilia kutunga sheria ya kuuzuia. Mji mzima umekubaliana kuwaongezea maskini wake, halafu watu wa mji mwingine wanasema haiwezekani! Jambo hilo linaniuma kila nikilikumbuka.

Huku niliko (na Washington hii ni jimbo la magharibi kando ya bahari ya Pasifiki, si ule mji wa Rais) kiwango cha mwaka huu wa 2025 ni dola 16.66 kwa saa. Mji wa Seattle una chake, 20.76. Na SeaTac, huu mji mdogo ulio na uwanja wa ndege, una sheria yake kwa wafanyakazi wa hoteli na usafiri, 20.17. Ukigeuza kwa shilingi 129 kwa dola, sheria inasema saa yangu Dallas haishuki chini ya shilingi 935 hivi, na hapa haishuki chini ya 2,600. Kazi ni ile ile: natandika vitanda, nasugua mabafu, nabeba mashuka. Mgongo unauma vile vile.

Ami atasema, na ni kweli, kwamba Dallas sikulipwa 7.25. Nililipwa zaidi kidogo, kwa kuwa siku hizi kwa bei hiyo mwajiri hapati mtu. Lakini ile ziada haikuwa haki yangu, ilikuwa hiari ya meneja. Siku nilipokwenda kumwomba aniongeze, alinijibu kwa upole kabisa kuwa sheria inasema 7.25 na mimi tayari nimeipita. Hakuwa amevunja kitu. Nilitoka mle ofisini nikijua kwamba nikae mwaka au nikae kumi, jibu lake litakuwa hilo hilo, na hakuna mlango mwingine wa kubisha. Neno lile ndilo lililonihamisha.

Binamu yangu aliyebaki kule yuko pabaya zaidi. Anahudumu mezani kwenye mkahawa, na kwa wanaopewa bakshishi sheria ya nchi inamruhusu mwenye mkahawa kulipa dola 2.13 kwa saa tu. Kiwango hicho ni cha tangu 1991. Bakshishi isipomfikisha 7.25, mwenye mkahawa ndiye anayepaswa kujazia, ila mdai mwenyewe anamdai mtu anayempangia zamu, kwa hiyo wengi hunyamaza. Huku Washington mhudumu anapata kiwango chote cha jimbo, na bakshishi ni yake juu ya hapo. Nimemwambia aje. Anasema mke hataki mvua.

Mdogo wangu ataniuliza hizi 20 zilitoka wapi. Hazikutoka kwa ukarimu wa mtu. Mwaka 2012 wafanyakazi wa mikahawa ya vyakula vya haraka kule New York waligoma wakidai dola 15 kwa saa, na watu wakawaona kama wamerukwa na akili. Mwaka uliofuata, hapa SeaTac, suala likapelekwa kwa wapiga kura: wafanyakazi wa hoteli na uwanja wa ndege walipwe 15? Mama, wengi wa waliokuwa wakipita nyumba kwa nyumba kuomba kura walikuwa watu wa kwetu: Wasomali, Waethiopia, watu wa Afrika Mashariki, wale wanaosukuma viti vya magurudumu, wanaopakia mizigo, wanaosafisha ndege. Walishinda kwa kura 77. Kura sabini na saba, msikiti wetu mmoja siku ya Ijumaa unazizidi! Waliopinga wakaenda mahakamani, na wafanyakazi wa ndani ya uwanja wakangoja mpaka Agosti 2015, Mahakama Kuu Kabisa ya jimbo ilipoamua kuwa na wao wamo. Seattle ilikuwa imeshafuata mwaka 2014 kwa sheria ya kupanda hatua kwa hatua mpaka 15. Mimi nimekuja kula matunda ya mti uliopandwa na wengine, na nikikutana na wale wazee wa Kisomali kwenye kituo cha basi nawasalimu kwa heshima zote.

Kuna jambo moja zaidi ambalo naliona kubwa kuliko hiyo kura. Mwaka 1998 wananchi wa jimbo hili walipiga kura kwamba mshahara wa chini upande kila mwaka kulingana na kupanda kwa bei. Walikuwa wa kwanza nchini kufanya hivyo. Tangu hapo hakuna anayengoja mbunge aamke na huruma, kila Januari kiwango kinahesabiwa upya. Mshahara wa Texas ni mashua iliyofungwa kamba fupi kwenye gati: maji yakijaa, yenyewe haipandi nayo, inazama palepale.

Sasa kuhusu gharama, maana najua Ami ameshakunja uso. Kodi ya nyumba huku ni nzito kuliko Dallas, sitaficha. Naishi na wenzangu, tunagawana. Ukinunua kitu dukani Seattle unaongezewa kodi ya zaidi ya asilimia 10. Serikali ya nchi inanikata asilimia 7.65 ya hifadhi ya jamii na matibabu ya uzeeni, lakini hiyo inakatwa Dallas pia, na majimbo yote mawili hayatozi kodi yao ya mapato juu ya mshahara. Baada ya yote hayo, kinachobaki mkononi ni zaidi. Dawa zako na karo ya watoto wa dada vinatoka kwenye hiyo tofauti.

Na si kweli kwamba tofauti ya mshahara daima inafuata tofauti ya bei. Mashariki ya jimbo hili kuna mji wa Pullman, na ukivuka mpaka kuingia jimbo la Idaho kuna Moscow, umbali wa kilomita 13 hivi, yote miwili miji ya chuo kikuu. Pullman sheria inasema 16.66. Moscow ni 7.25. Kwa zamu ya saa nane ni dola 133 upande mmoja na 58 upande wa pili. Niambie ni mkate gani unaoshuka bei kwa zaidi ya nusu ukibebwa kilomita 13. Mpaka ule haukuwekwa na mwenye duka, umewekwa na wanasiasa.

Nimeandika haya yote, Mama, ili nifike nyumbani. Kwetu pia mshahara wa chini unagawanywa kwa mahali, na watu wengi pale Lamu hawana habari. Rais alipotangaza nyongeza ya asilimia 6 Leba Dei ya 2024, sote tulisikia. Ilianza kutumika Novemba mwaka huo. Lakini ile amri ya serikali ya mshahara wa chini ina safu tatu, kulingana na mahali. Kibarua wa kawaida, na humo wanaingia mfagizi, mtunza bustani, yaya, mtumishi wa nyumbani na mlinzi wa mchana, akiwa Mombasa asilipwe chini ya shilingi 16,113.75 kwa mwezi. Akiwa kwenye miji iliyokuwa manispaa zamani, kama Malindi, ni 14,866.90. Sehemu nyingine zote ni 8,596.50. Na Lamu yetu, iliyokuwa chini ya baraza la kaunti enzi zile, inahesabiwa humo kwenye sehemu nyingine zote.

Nasikia hoja yao: mtu wa shamba ana muhogo wake, ana nyumba ya babu yake, halipi kodi ya nyumba. Sawa, kuna mahali hoja hiyo inasimama. Lamu mjini haisimami. Unga wa kwetu unatoka bara kwa lori mpaka Mokowe, unashushwa, unapakiwa mashuani, unashushwa tena gatini, unapandishwa kwa punda au mkokoteni. Kila mkono uliougusa umeongeza shilingi yake. Saruji vile vile, gesi vile vile. Tunanunua kwa bei ya kisiwa na tunalipwa kwa kiwango cha shamba. Na hao wageni wanaolala kwenye nyumba anazofagia dada hawapunguziwi bei ya chumba eti kwa kuwa Lamu ni sehemu nyingine. Malindi ni mji wa watalii kama wetu, na mfagizi wa Malindi anamzidi wa Lamu kwa zaidi ya shilingi 6,000 kila mwezi, kwa sababu ya hadhi ya baraza ambalo halipo tena!

Kwa hiyo nina maombi matatu.

Dada atazame karatasi yake ya mshahara. Hiyo 8,596.50 ni ndogo, lakini ni haki yake, na kama mwajiri hampi nyumba anapaswa kumwongezea posho ya nyumba ya asilimia 15, ifike karibu 9,886. Aliponiambia anacholipwa nilinyamaza kwenye simu kwa sababu watoto walikuwa wanasikia. Akiambiwa "hapa ni Lamu," ajibu kwa adabu kwamba hata Lamu imetajiwa kiwango, kisha aende kwa afisa wa leba, na asiende peke yake.

Mdogo wangu, kabla hujatia sahihi ile kazi ya usafi ya Mombasa, uliza kwa maandishi utapangiwa wapi. Ofisi kuwa Mombasa si hoja, waweza kuandikiwa Mombasa ukapelekwa kufanya kazi mahali ambapo sheria inaruhusu karibu nusu yake. Na ukija kuniambia tena habari za wakala wa kazi za nje, nitakuuliza kwanza ni mji gani, halafu ndio uniambie ni pesa ngapi.

Ami, kwako nasema kwa heshima kama mwanao. Wewe unasikilizwa barazani na mbunge anakuja kwako kila uchaguzi. Ile safu ya pili ya amri haina manispaa za zamani peke yake. Mavoko, Ruiru na Limuru zimeandikwa humo kwa majina yao, kama mabaraza ya miji. Waziri akiweza kuandika Limuru anaweza kuandika Lamu. Naomba ulisimamie hilo kabla ya Leba Dei ijayo, na ukihitaji hesabu za bei kati ya Mombasa na kwetu, mdogo wangu aende madukani aziandike, nami nitazipanga vizuri nikurudishie.

Mama, nisalimie bibi, majirani wote, na mwambie dada jibu lake nalitaka wiki hii, pamoja na picha ya hiyo karatasi ya mshahara.

Wako akupendaye,
mwanao