Baba Neema, hiyo orodha usiibandike bado

Baba Neema ndugu yangu,

Salamu nyingi. Huku wote wazima, Mama Mkubwa anawasalimu, na mguu wake sasa unakanyaga vizuri. Natumaini shemeji na watoto hawajambo na theluji ya Buffalo haijawafungia ndani. Habari nyingine za nyumbani tutaongea kwa simu, maana leo nakuandikia kwa ajili ya ile orodha yako tu.

Nimeisoma yote. Kwotabeki kumi, wale warusha pasi wa mpira wa Kimarekani, umewapanga kwa kigezo kimoja, kile kiwango cha mpiga pasi kinachotolewa na ligi, na unataka kuibandika kwa kinyozi Jumamosi. Subiri kwanza. Wale vijana wa Uvira watakubana, na safari hii haki itakuwa yao. Namba zako ni sahihi, sina ubishi nazo. Ila haziwezi kujibu swali mnalobishania, nani bora, na sidhani kama nyie wenyewe mmekubaliana swali ni lipi.

Kwanza hicho kiwango. Wengi wanakitaja, wachache wamewahi kukikokotoa, kwa hiyo shika karatasi. NFL, ndiyo hiyo ligi ya mpira wa Kimarekani, ilianza kukitumia mwaka 1973. Mchukue Lamar Jackson wa Baltimore msimu wa 2024, ambao umeshafungwa na hesabu zake hazibadiliki tena: pasi 474, zilizofika 316, yadi 4,172, tachidauni (mpira kufikishwa eneo la mwisho la wapinzani) 41, zilizonaswa na wapinzani 4. Gawa zilizofika kwa pasi zote, unapata 0.667, toa 0.3, zidisha kwa 5, inakuja 1.833. Yadi kwa kila pasi ni 8.80, toa 3, gawa kwa 4, inakuja 1.450. Tachidauni gawa kwa pasi, zidisha kwa 20: 1.730. Zilizonaswa gawa kwa pasi, zidisha kwa 25, halafu jibu hilo litoe kwenye 2.375: unabaki na 2.164. Jumlisha mafungu yote manne, gawa kwa 6, zidisha kwa 100. Umepata 119.6. Fungu lolote haliruhusiwi kuvuka 2.375 wala kushuka chini ya sifuri, ndiyo maana alama ya juu kabisa ni 158.3 na haiwezi kuzidi hapo hata mtu arushe namna gani.

Mfanyie hivyohivyo Josh Allen wenu wa Buffalo: pasi 483, zilizofika 307, yadi 3,731, tachidauni 28, zilizonaswa 6. Anapata 101.4. Kwa karatasi yako Jackson kamwacha mbali. Lakini aliyetangazwa mchezaji bora wa ligi msimu huo ni Allen. Hapo ndipo vijana watakapokukamata.

Tazama vitu ambavyo hesabu hiyo haivioni. Tuseme ni jaribio la tatu kati ya manne ambayo timu hupewa kusogea yadi 10, na yadi zote 10 bado zinahitajika. Kwotabeki anamtupia mwenzake pasi fupi ya yadi 2, anadakwa palepale, timu inaupiga mpira kwa mguu kuwapa wapinzani. Kama hiyo ndiyo pasi yake pekee, kiwango chake ni 79.2. Mwingine katika hali hiyohiyo analenga yadi 15 mbele, pasi inaanguka chini, timu nayo inapiga mpira kuwapa wapinzani. Huyu anapata 39.6. Matokeo uwanjani karibu yaleyale, alama mara mbili. Na mtu wa tatu aliyeng'ang'ania mpira mpaka akaangushwa yadi 8 nyuma? Kwake hakuna kilichoandikwa kabisa, kama vile hakuwepo. Basi anayeogopa kurusha anatunzwa kiwango chake, na anayejaribu anaadhibiwa.

Kuangushwa na mpira mkononi hakuhesabiwi, kukimbia na mpira hakuhesabiwi, kudondosha mpira hakuhesabiwi. Msimu huo wote Allen aliangushwa mara 14 tu, Jackson mara 23. Allen alikimbia tachidauni 12, Jackson alikimbia yadi 915. Vyote hivyo vimekaa nje ya karatasi yako. Watu husema kuangushwa ni kosa la safu ya mbele inayomlinda kwotabeki. Kweli kwa sehemu, lakini kwotabeki wengi wakihama timu wanahama na tabia hiyo, kwa sababu chanzo kikubwa ni muda wanaokaa na mpira kabla ya kuamua.

Kama unataka hesabu moja tu ya kufanya kwa mkono, tumia hii, wenyewe wanaiita ANY/A, yaani yadi kwa kila pasi baada ya marekebisho. Chukua yadi za pasi, ongeza 20 kwa kila tachidauni, toa 45 kwa kila pasi iliyonaswa, toa yadi zilizopotea kwa kuangushwa. Gawa kwa jumla ya pasi pamoja na mara alizoangushwa. Imemaliza. Kukimbia bado hakumo, lakini angalau mwoga hajifichi.

Wataalamu wengi siku hizi wanapenda EPA, pointi zinazotarajiwa. Wamekusanya mechi za miaka mingi, wanajua timu ikiwa mahali fulani uwanjani, jaribio fulani, yadi kadhaa zimebaki, kwa wastani huondoka na pointi ngapi. Tofauti kati ya kabla na baada ya mchezo mmoja, yaani tangu mpira unapoanzishwa hadi unaposimama, ndiyo anayopewa kwotabeki. Ile pasi ya yadi 2 hapa inakuwa hasara, inavyostahili. Takwimu zake zipo wazi kwenye intaneti, yule kijana wa Mwalimu anayesoma kompyuta anaweza kukutolea kwa jioni moja. Udhaifu wake ni kwamba mpira ukimponyoka mpokeaji ukanaswa, lawama yote inamwendea aliyerusha. Kwa hiyo isome pamoja na CPOE, ambayo inauliza: pasi ya umbali huu na ugumu huu kwa kawaida hufika mara ngapi, na huyu kazidi au kapungua kiasi gani? Ligi yenyewe ina toleo lake, inapima kwa vifaa vidogo vilivyomo kwenye pedi za mabega, hivyo inajua hata beki wa karibu alikuwa umbali gani.

QBR, alama ya kwotabeki inayotolewa na kituo cha runinga cha michezo ESPN, iliyoanza 2011, inaanzia 0 hadi 100 na katikati ni 50. Inahesabu mbio, kuangushwa, na uzito wa dakika yenyewe. Nzuri, ila huwezi kuikokotoa mwenyewe, na mtu akikubishia kwa kinyozi huna pa kumwonyesha. Halafu PFF, kampuni ya kuchambua mechi iliyoanzishwa na Mwingereza, Neil Hornsby: watu wanaangalia kila mchezo na kutoa alama kuanzia -2 hadi +2, kwa nusunusu. Pasi safi iliyomponyoka mpokeaji haimharibii mrushaji, na pasi mbovu iliyookolewa haimpambi. Hilo naliheshimu sana. Ila anayeangalia video hajui kocha aliagiza nini, na hapo lazima akisie.

Turudi kwa Allen na Jackson, maana ndio kiini cha ubishi wenu. Wapiga kura wa tuzo za shirika la habari la Associated Press ni 50. Kwa mchezaji bora kila mmoja anataja watano, wa kwanza anapata pointi 10, kisha 5, 3, 2 na 1. Allen alipata 383, Jackson 362. Waliomweka Allen wa kwanza ni 27, Jackson 23. Lakini jopo hilohilo lilipochagua kikosi bora cha ligi, nafasi ya kwotabeki wa kwanza lilimpa Jackson! Watu wakapiga kelele kuwa hawa wamechanganyikiwa. Mimi nasema hapana. Kura moja inauliza nani aliibeba timu yake kwa thamani kubwa zaidi, nyingine inauliza nani alicheza nafasi yake vizuri zaidi. Maswali mawili, majibu mawili, na yote yanatetewa.

Mashabiki nao wana swali lao la tatu: nani nimemwona mara ya mwisho? Ile mechi ya mtoano ya Januari 19, 2025, hapo kwenu Buffalo, 27 kwa 25. Baltimore wamefunga zikiwa zimebaki dakika moja na nusu hivi, wanahitaji pointi 2 kusawazisha, Jackson anarusha, mpira unamfikia mpokeaji wake Mark Andrews, unamponyoka. Kuanzia usiku ule ikawa "Jackson haziwezi mechi kubwa". Lakini jaribio la pointi 2 halimo hata kwenye takwimu za pasi, na kura zilikuwa zimeshapigwa kabla ya mtoano. Kwa upande mwingine tusimwoshe: alinaswa pasi moja na kudondosha mpira mmoja ukachukuliwa. Allen alipata yadi 127 tu za pasi bila tachidauni, akakimbia mbili mwenyewe. Ukitumia kiwango chako, Jackson alimshinda Allen usiku ule. Nani kwa kinyozi atakukubalia hilo?

Na ushindi wa timu kuufanya wa mtu mmoja, jamani. Joe Burrow wa Cincinnati mwaka huohuo aliongoza ligi kwa yadi 4,918 na tachidauni 43, timu yake ikamaliza na ushindi 9 na vipigo 8, mtoano hawakuuona. Mechi mbili dhidi ya Baltimore alirusha tachidauni 9, zote wakapoteza, 41 kwa 38 na 35 kwa 34. Angefanya nini zaidi, akakabe pia? Patrick Mahomes wa Kansas City alikuwa na kiwango cha 93.5 na alishinda 15 kati ya mechi 16 alizoanza. Ukimpanga kwa ushindi yuko juu, kwa takwimu za msimu ule yuko katikati, kwa pete zake tatu za ubingwa hamna wa kumgusa kati ya wanaocheza.

Yule mzee anayemtetea Jim Kelly, kwotabeki wa zamani wa Buffalo, mweleze kwa heshima. Super Bowl, yaani fainali za ligi, nne mfululizo na hakuna pete, ya kwanza kwa pointi moja, 20 kwa 19, teke la Scott Norwood la yadi 47 limepita kulia. Trent Dilfer ana pete, ya Baltimore. Hakuna mwenye akili atakayemweka Dilfer juu ya Kelly, basi pete peke yake haitoshi. Na wa zamani msiwalinganishe na wa leo kwa namba tupu. Tangu 1978 beki haruhusiwi kumsukumasukuma mpokeaji baada ya yadi 5, na pasi zikapanda. Joe Namath, kwotabeki wa miaka ya 1960 na 1970, alistaafu na tachidauni 173 na zilizonaswa 220, kiwango 65.5. Leo huyo asingepata hata benchi. Enzi zake ulikuwa wastani wa ligi. Mlinganishe mtu na wenzake wa miaka yake.

Sasa kazi. Orodha nitakutengenezea, ila nitafanya hivi: wenye pasi angalau 14 kwa kila mechi ya timu, yaani 238 kwa msimu, ndicho kipimo cha ligi. EPA kwa kila mchezo, CPOE na ANY/A, misimu mitatu, wa karibuni uzito nusu, wa kabla yake asilimia 30, wa tatu 20. Nitawaweka katika matabaka, si 1 mpaka 10, kwa sababu kati ya wa sita na wa tisa tofauti ni ndogo mno, pasi mbili zilizonaswa kwa bahati mbaya zinaigeuza. Ambao vipimo vinapingana juu yao, hao ndio wa kukaa na kuwaangalia kwenye video. Wale wa mwaka wa kwanza nitawatenga.

Haya, hilo tutaongea.

Niambie basi: swali lenu ni la msimu huu, au nani ungempa timu yako kesho, au ukubwa wa maisha yote? Mbio zihesabiwe? Mtoano uingie au tuuache? Kijana wa Mwalimu bado yuko hapo au amerudi chuoni? Na kinyozi atakubali kubandika karatasi mbili, ya mashabiki na ya kwetu, ubavu kwa ubavu? Nijibu kabla ya Alhamisi, nipate siku mbili za kuikamilisha. Neema anaendelea vipi na shule?

Wasalimie wote.

Ndugu yako