Theluji ya Kibo, Theluji ya Huku

Burlington, Vermont, Marekani
20 Januari

Baba mpendwa,

Shikamoo. Natumaini barua hii itakukuta salama, wewe na Mama na wote walioko nyumbani. Mimi ni mzima, ila baridi imenichosha.

Siku ya Krismasi uliponiuliza kwenye simu kama katika nchi isiyo na jua mtu bado hupata cha kumshukuru Mungu, nilijibu haraka kwamba hupata, kisha nikageuza mazungumzo. Kusema kweli sikuwa na jibu. Asubuhi hiyohiyo nilikuwa nimeteleza kwenye barafu mlangoni na kiuno kilikuwa kikiniuma. Sasa jibu ninalo.

Juma lililopita nilikuwa nikisubiri basi alfajiri, theluji ikianguka taratibu pasipo upepo, nikaona chembe moja imetua kwenye mkono wa koti langu jeusi. Haikuzidi punje ya mtama. Ilikuwa nyota yenye ncha sita, na kila ncha ilikuwa imechipua vitawi pande zote mbili mithili ya jani la kangaga, vikilingana kana kwamba vimepimwa kwa rula. Nilizuia pumzi nisiiyeyushe. Punde ikawa tone la maji, lakini koti lilikwisha kujaa nyingine, wala sikuona mbili zilizofanana. Dereva wa basi alilazimika kunipigia honi.

Katika mji jirani wa Jericho aliishi mkulima aitwaye Wilson Bentley, ambaye mama yake alimpa hadubini akiwa na miaka 15, na ambaye tarehe 15 Januari 1885 alifaulu kupiga picha ya chembe moja ya theluji kwa kamera aliyoiunganisha na hadubini. Alizikinga kwa ubao mweusi na kuzisogeza kwa unyoya, katika banda lisilo na moto, na hadi alipofariki mwaka 1931 alikuwa amepiga picha zaidi ya 5,000. Baba yake aliona huo ni upuuzi kwa mtu mwenye ng'ombe wa kukamua. (Hapo nilikukumbuka, Baba, unisamehe.)

Wataalamu hueleza kwamba maji yanapoganda angani hujipanga kwa pembe sita, na kwamba ncha zote sita hufanana kwa sababu hupitia pamoja baridi na unyevu uleule, ilhali chembe ya jirani imeshuka kwa njia yake. Kujua hayo hakujanipunguzia mshangao. Zilizo nyingi huanguka usiku, msituni na ziwani, zikayeyuka bila jicho la mtu kuziona, na bado Mungu hakulipua kazi hata kwa moja.

Tangu utotoni niliiona theluji ya Kibo, kileleni mwa Kilimanjaro, nikiwa kihambani, shambani kwetu, kabla mawingu hayajaifunika, nawe ukisimama na panga mkononi ukivua kofia kabla ya kuanza kazi. Nilidhani unaangalia kama mvua itanyesha. Kwangu ilikuwa weupe mtupu, kama shuka iliyoanikwa mbali. Sikujua kwamba imerundikwa nyota moja moja.

Nasikia inazidi kupungua. Tafadhali, tukizungumza tena, niambie siku hizi imebaki kiasi gani upande wetu, na kama bado unavua kofia.

Msalimu sana Mama.

Mwanao akupendaye