Barua ya wazi kwa Waziri wa Kilimo: baridi ya maua si baridi ya wadudu rafiki

Kwa Mheshimiwa Waziri wa Kilimo,
Jumba la Kilimo, Nairobi.

Mheshimiwa Waziri,

Kwa heshima nakuandikia kuhusu viumbe walio wadogo kuliko punje ya mtama. Kazi yangu hapa Nairobi ni kupokea wadudu rafiki, yaani wale wanaoangamiza waharibifu wa mazao, na kuwafikisha kwa wakulima wadogo wa Kiambu. Ninaowauza zaidi ni utitiri walaji, ambao kitaalamu huitwa Phytoseiulus persimilis, na chakula chao ni utitiri wekundu wanaofyonza majani ya stroberi, mishiri na waridi.

Mwaka jana mzigo wangu ulichelewa, ikabidi ulale katika ghala moja la baridi hapa jijini. Mhudumu, kwa nia njema kabisa, aliziweka chupa zangu pamoja na maua ya waridi, ambayo huhifadhiwa kwenye nyuzi chache tu juu ya sifuri. Asubuhi nilimimina chupa moja juu ya karatasi nyeupe, nikachungulia kwa lenzi, nisione hata mguu mmoja ukisogea. Baada ya nusu saa katika joto la chumba baadhi yao walianza kutembea, nami nikashusha pumzi na kuwauza. Hapo ndipo nilipokosea. Mama mmoja wa Limuru aliwanyunyiza kwenye stroberi zake, na wiki mbili baadaye akanipigia simu: "Mwanangu, hawa wadudu wako walikuja kulala tu." Nilipofika nilikuta utando umetanda chini ya majani na majani yenyewe yamegeuka rangi ya shaba. Pesa zake nilimrudishia, lakini mavuno ya msimu ule yalikuwa yamekwenda.

Mdudu hana joto lake mwenyewe. Mwili wake hufuata hewa inayomzunguka. Baridi ikizidi kipimo chake, hata kabla maji ya mwilini hayajaganda, utando wa seli zake hukakamaa na chumvi za mwili hupoteza uwiano wake, na anayenusurika anaweza kuamka na kutembea vizuri, kumbe atataga mayai machache au asitage kabisa. Joto nalo likizidi, utitiri walaji waliofungiwa bila chakula hulana wenyewe kwa wenyewe. Hawa ninaowauza hutakiwa kukaa kwenye nyuzi 8 hadi 10, gizani, chupa zikiwa zimelazwa, na kwa siku moja au mbili tu. Friji ya chanjo, ambayo ni ya nyuzi 2 hadi 8, haiwafai, na wapo utitiri walaji wa aina nyingine wanaohitaji joto zaidi ya hilo.

Nchi yetu si ngeni katika elimu hii. Kituo cha utafiti wa wadudu cha icipe pale Kasarani kilianzishwa mwaka 1970 na Profesa Thomas Odhiambo, na mwaka 1993 nyigu mdogo aitwaye Cotesia flavipes aliachiliwa huko Pwani ili kupambana na kipekecha shina wa mahindi aliyetoka Asia. Nyigu yule alizaana na kuenea mwenyewe. Wadudu wa chupa ni tofauti: mkulima huwanunua kwa ajili ya zao lililo shambani leo, na wakifika wamedhoofika hana muda wa kungoja kizazi kingine, hivyo hurudi kwenye dawa ileile ya sumu tuliyomshawishi aiache.

Ninachoomba, Mheshimiwa, si jengo jipya. Katika vyumba vya baridi ambako mizigo ya kilimo hupokelewa na kukaguliwa, itengwe kabati moja lenye nyuzi zake, kipimajoto kinachoweka kumbukumbu usiku kucha, na karatasi mlangoni inayoeleza kwa Kiswahili kila aina ikae kwenye nyuzi ngapi na kwa siku ngapi. Kila chupa inayouzwa iandikwe tarehe ambayo wadudu walifungashwa. Nasi wasambazaji tulazimishwe kuwahesabu walio hai kabla ya kuuza, na tuwaangalie tena siku inayofuata, kwa maana mdudu anayetembea asubuhi ya kwanza bado hajathibitisha lolote.

Niko tayari kuja Jumba la Kilimo na lenzi yangu na chupa mbili, moja iliyolala kwenye nyuzi 3 na nyingine kwenye nyuzi 9, ili maofisa wako wajionee.

Wako mwaminifu,
Msambazaji wa wadudu rafiki, Nairobi