Barua kwa Mwanangu: Kusi Ikivuma, Nendeni Mashariki ya Sri Lanka

Mwanangu mpenzi,

Assalaam alaykum. Sisi hapa Mombasa hatujambo, na mama yako anawasalimu sana, wewe na mumeo. Ratiba ya Sri Lanka uliyonitumia nimeisoma yote, na nimefurahi mno kwamba likizo yenu ya kwanza mnaipeleka huko. Watu wetu wakipata nafasi na vijisenti, mawazo yao huwa Dubai na maduka yake. Nyinyi mmechagua kisiwa chenye Wabudha, Wahindu, Waislamu na Wakristo, chenye milima ya baridi na fukwe za minazi, na vyote hivyo vimo katika nchi ambayo ungeweza kuiweka ndani ya Turkana na nafasi ikabaki.

Lakini ratiba yenyewe, mwanangu, ibadilisheni. Siku kumi za Agosti mmezigawa hivi: nne Mirissa, mwogelee na kuangalia nyangumi, kisha Galle, Ella, Kandy, Sigiriya, na mwisho mkimbilie Jaffna. Mirissa na Galle ziko kusini-magharibi ya kisiwa, na Agosti ni kusi. Wewe umekulia pwani, huhitaji kuambiwa kusi inafanya nini baharini. Upepo huo huo unaotuvumia sisi hupanda, ukavuka ikweta, ukapinda kuelekea mashariki na kuipiga Sri Lanka ubavuni ukiwa umebeba maji ya bahari nzima. Msimu wa nyangumi Mirissa huanza Novemba na kwisha Aprili. Agosti maji yamechafuka, mawimbi ni makubwa, na mwogeleaji wa kawaida hana lake pale. Zile picha za maji ya kioo ulizonionyesha ni za wakati wa kaskazi.

Kaskazi nayo ikiingia mambo hugeuka. Mvua huhamia Trincomalee, Batticaloa na Jaffna, na kusini kukatulia. Ndiyo maana ukimuuliza mtu wa Sri Lanka kama mwezi fulani ni mzuri kutembelea nchi yake, yeye atakuuliza unataka kwenda upande gani. Kwa Agosti jibu ni mashariki. Bahari ya Nilaveli na Uppuveli, karibu na Trincomalee, hutulia tangu Mei hadi Septemba, na mbele yake pana kisiwa kidogo cha Pigeon Island, hifadhi ya taifa, ambapo mtavaa miwani ya kuzamia na kuona matumbawe na samaki bila kwenda kina kirefu.

Haya nayajua kwa sababu ya chai. Kazi yangu ya kuonja chai ya mnada wa Mombasa ndiyo iliyonifikisha Colombo, ambako mnada wao umekuwapo tangu 1883. Pale nilionjeshwa chai ya Uva, mkoa ulio upande wa mashariki wa milima, na nikaelezwa jambo ambalo hadi leo nikilikumbuka nastaajabu. Agosti, kusi inamwaga mvua yake yote kwenye miteremko ya magharibi. Ikishavuka vilele inashuka Uva ikiwa upepo mkavu. Jani la chai linapopigwa na ukavu ule hukua polepole na kujifunga, na ladha yake hukusanyika. Ukiweka ile chai kinywani, kabla ya uchungu kufika ulimini, puani tayari pameshapita harufu kama ya mnanaa. Chai yetu ya Kericho ni tamu, ina nguvu na rangi nzuri ya kuchanganya na maziwa, wala simkubalii mtu anayeidharau, lakini harufu ile haina. Januari na Februari zamu hubadilika: upepo wa kaskazini-mashariki hukaushia upande wa Dimbula, magharibi, na chai bora ya mwaka ya upande ule hutoka miezi hiyo. Wanunuzi wa chai hufuata pepo hizi kila mwaka, na mtalii mwenye siku kumi anapaswa kufanya vivyo hivyo.

Basi ningekuwa mimi, ningepanga hivi. Uwanja wa ndege uko Katunayake, jirani na mji wa Negombo, kwa hiyo usiku wa kwanza laleni Negombo, msiingie Colombo mkiwa na uchovu wa ndege mbili. Kutoka Nairobi mtapitia Doha, Dubai au Mumbai, na mtafika mkiwa hoi. Asubuhi shikeni njia ya Sigiriya, mkae huko usiku mbili au tatu. Kisha Trincomalee usiku tatu, Kandy mbili, na mmalizie na milima ya Uva, Haputale au Ella, kabla ya kurudi uwanjani. Jaffna iacheni. Ni mji ninaoupenda, lakini uko ncha ya kaskazini, na kwenda na kurudi kutawamalizia siku mbili nzima. Ramani ya kisiwa kile inadanganya. Kilomita mia moja huko, kwa barabara nyembamba zenye mabasi yanayokimbizana na tuktuk zinazoingia bila ishara, ni saa tatu.

Sigiriya muipande asubuhi, lango linapofunguliwa. Ni jabali linalosimama peke yake msituni, karibu mita 200 kwenda juu, na mfalme Kashyapa alijenga kasri lake kileleni katika karne ya 5. Ngazi ni zaidi ya elfu moja. Saa nne asubuhi jiwe limeshakuwa kaango na foleni imesimama. Kiingilio cha mgeni ni ghali, dola 30 na ushei kwa mtu mmoja, kwa hiyo kiwekeni kwenye hesabu mapema. Jioni ya siku hiyo nendeni Minneriya. Najua utasema tembo umewaona Tsavo. Lakini Minneriya ni bwawa lililochimbwa na mfalme Mahasena zaidi ya miaka 1,600 iliyopita, na ukame wa Agosti na Septemba ukilipunguza maji, majani mabichi huota kwenye tope lake na tembo wa misitu ya jirani hukusanyika kuyala. Wengi wao hawana pembe hata madume. Kuona mamia ya wanyama wakiishi kwa kazi ya mikono ya watu wa kale ni jambo ambalo Tsavo haiwezi kukupa.

Kandy katika mwezi huo yaweza kuwakuta kwenye Esala Perahera, maandamano ya usiku ya kuliheshimu jino la Budha linalohifadhiwa katika hekalu la mji: wapiga ngoma, wachezaji, watu wa mienge na tembo waliovishwa vitambaa vya taa. Tarehe hufuata mwezi wa angani, kwa hiyo angalieni kalenda ya mwaka wenu kabla ya kununua tiketi. Zikigongana, hoteli zitapanda bei sana, na itabidi muweke nafasi miezi kadhaa mbele. Mimi ningelipa. Zisipogongana, usiku mmoja Kandy unatosha.

Treni ya kutoka Kandy kwenda milimani ndiyo kila mtu anaisifu, na safari hii wanasema kweli. Tiketi za viti vilivyowekewa nafasi huisha upesi, basi msichelewe, na mwulizie kama njia iko wazi, maana milima ile hupata maporomoko ya udongo na reli hufungwa. Kaeni macho mkifika Pattipola, kituo kilicho juu kuliko vyote katika reli yao. Mbele kidogo treni huingia handaki. Agosti mnaweza kuingia upande mmoja kwenye ukungu na manyunyu, mkatokea upande wa pili kwenye jua la Uva. Pale mtakuwa mmevuka mpaka wa ile mvua niliyowaambia, mkiwa mmekaa kitini.

Huko kwenye mashamba mtawaona akina mama wakichuma chai, magunia yakining'inia kwa ukanda kichwani. Wengi ni Watamil, wajukuu na vitukuu wa watu ambao Waingereza waliwaleta kutoka kusini mwa India katika karne ya 19, kwanza kwa kahawa, kisha kwa chai kahawa ilipoangamizwa na kutu ya majani. Mkitaka kuwapiga picha, ombeni kwanza. Wakikubali, nunueni kitu au toeni chochote kwa heshima, kwa sababu malipo ya kazi ile ni madogo na miteremko ni mikali. Nimeona wageni wakiwaingilia na kamera usoni kana kwamba ni maua, nikachukia.

Kuhusu watu, kisiwa kile kina lugha mbili rasmi, Kisinhala na Kitamil. Jifunzeni salamu zote mbili: "ayubowan" kwa Wasinhala, "vanakkam" kwa Watamil. Mkiwa mashariki na milimani mtakutana na Watamil wengi, na mgeni anayewasalimu kwa lugha yao hupokewa vizuri. Waislamu ni karibu mtu mmoja katika kila kumi, na wengi wao huzungumza Kitamil, kwa hiyo chakula halali na msikiti havitawapa taabu, hasa Trincomalee na Kandy. Mkipita Colombo siku ya mwisho, ingieni mtaa wa Pettah mwone msikiti wa Jami Ul-Alfar wa matofali mekundu na meupe. Na upande wa Puttalam, magharibi, kuna jamaa wa asili ya Afrika ambao wazee wao walipelekwa huko na Wareno na wengine waliokuja baada yao. Bado wanaimba na kupiga ngoma. Haiko kwenye njia yenu safari hii, ila nataka mjue wapo, maana mtu akiwauliza "mmetoka wapi" huku akitabasamu, huenda anawafananisha na jirani zake.

Mlima wa Sri Pada msiuweke Agosti. Msimu wa kuupanda ni Desemba hadi Mei, nje ya hapo ni upepo na giza. Lakini kaulizieni habari zake. Kileleni pana alama kama ya unyayo: Wabudha husema ni wa Budha, Wahindu husema ni wa Shiva, na Waislamu tangu zamani wameunasibisha na Nabii Adam. Ibn Battuta, aliyepita Mombasa na kufika Kilwa mwaka 1331, aliupanda mlima ule mwaka 1344. Hao wote wamekuwa wakipanda ngazi zile zile kwa karne nyingi.

Vita vya nchi ile vilianza 1983 vikaisha Mei 2009. Msiwadadisi watu. Anayetaka kusema atasema mwenyewe, na mkae mumsikilize. Kwenye mahekalu vueni viatu, funikeni mabega na magoti, dera lako linatosha, na msipige picha mkiwa mmeipa sanamu ya Budha mgongo. Jambo hilo huwaudhi sana.

Chakula kisikutie wasiwasi. Wanapikia tui kama sisi. Asubuhi ulizeni "appa", mkate mwembamba wa unga wa mchele na nazi, uliokauka kando na laini katikati, utadhani vibibi vya mama yako vimepewa umbo la bakuli. Pilipili yao lakini ni kali kweli, mwambie mumeo asijifanye shujaa siku ya kwanza.

Sasa nyaraka. Viza ombeni kwenye tovuti ya serikali yao yenyewe, si ya dalali. Kadi ya chanjo ya homa ya manjano wataidai kwa sababu mnatoka Kenya, na chanjo inatakiwa iwe imepita siku kumi kabla ya safari, kwa hiyo kama hamjachanjwa msingoje wiki ya mwisho. Malaria waliitokomeza, wakapewa cheti na Shirika la Afya Duniani mwaka 2016, ila dengi ipo na mbu wake huuma mchana. Na sikiliza hili: mmoja wenu akishikwa na homa kule, mwambieni daktari tangu mwanzo kwamba mmetoka Mombasa. Madaktari wa nchi isiyo na malaria wanaweza wasiifikirie, na nyinyi mnaweza kuwa mmeondoka nayo nyumbani.

Amana ya hoteli ya Mirissa kama hamjailipa msiilipe. Kama mmeshailipa, ombeni warudishe au wahamishe tarehe hadi Februari ya mwaka mwingine, kwa sababu Mirissa ya Februari ni pahala pazuri sana na ningependa mwione siku moja.

Nileteeni chai ya Uva ya mwaka huu huu, daraja la BOP (Broken Orange Pekoe, majani yaliyokatwakatwa), mnunue kiwandani huko Haputale mkitembelea, kilo moja tu inanitosha. Saa zao ziko mbele yetu kwa saa mbili na nusu. Mama yako anataka mpige simu mkishatua, hata kama huku ni usiku wa manane, na amesema hatalala mpaka asikie sauti yako.

Akupendaye,
Baba yako